Uzoefu wangu wa kupanga, kuandika na kurekebisha insha ya Kiingereza

Insha niliyotakiwa kuandika ilikuwa ya somo la historia, kwa Kiingereza, isiyozidi maneno 1,500, na swali lake lilikuwa hili: ni kwa kiasi gani injini ya mvuke ndiyo iliyoleta mapinduzi ya viwanda nchini Uingereza? Nimeona nieleze hatua nilizopitia kwa sababu ni katika insha hiyo nilipoona waziwazi kwamba kupanga insha ni kufikiri kwenyewe, na kwamba mwanafunzi anayeruka hatua hiyo hulazimika kufikiri na kutafuta maneno ya lugha ya kigeni kwa wakati mmoja, kazi ambayo ni nzito mno kwa mtu yeyote.

Kabla ya kufungua kitabu chochote nililiandika swali juu ya karatasi na kulichambua. Maneno yenye uzito kuliko yote yalikuwa "kwa kiasi gani". Swali linalosema "eleza" lingeniruhusu kusimulia habari za injini tangu ilipobuniwa hadi ilipoanza kuvuta treni. Hili lilinitaka nipime: niseme mvuke ulichangia wapi, haukuchangia wapi, kisha nitoe uamuzi. Uchambuzi huo ulichukua dakika chache tu, lakini ndio ulioniamulia nisome nini na niache nini.

Wakati wa kusoma niligawa kila ukurasa wa daftari katika safu mbili. Upande wa kushoto niliandika kile ambacho kitabu kilisema, pamoja na namba ya ukurasa; upande wa kulia niliandika jambo hilo linafanya nini kwa swali langu. Kwa mfano, upande wa kushoto palikuwa na maelezo kwamba Richard Arkwright alianzisha kiwanda chake cha kusokota nyuzi za pamba huko Cromford mwaka 1771, na kwamba mashine zake ziliendeshwa kwa nguvu ya maji. Upande wa kulia niliandika: "Kiwanda kikubwa, wafanyakazi wengi chini ya paa moja, bila mvuke. Basi mfumo wa kiwanda ulitangulia." Sentensi hiyo fupi ndiyo iliyozaa insha nzima. Safu ya kulia ina faida nyingine pia: palipobaki wazi, nilijua kwamba taarifa ile, hata ikiwa ya kuvutia namna gani, huenda haina nafasi katika insha.

Hoja kuu ilikuja kwa kusuguliwa. Nilianza na sentensi kwamba injini ya mvuke ilikuwa muhimu ingawa kulikuwa na sababu nyingine, nikaipima kwa swali moja: je, yupo msomaji mwenye akili timamu anayeweza kuipinga? Hayupo, kwa hiyo haikuwa na kazi ya kufanya. Niliyoishia nayo ilikuwa na makali zaidi: injini ya mvuke haikuanzisha mapinduzi ya viwanda bali iliyaondolea mipaka, kwa kuwa viwanda vya kwanza vya pamba vililazimika kukaa kando ya mito, na mvuke ndio uliovipa uhuru wa kujengwa mahali pengine.

Hapo ndipo nilipoandika mpango wa insha, na hapa nina msimamo ambao niko tayari kuutetea: mpango usiandikwe kwa vichwa vya habari, uandikwe kwa sentensi kamili zinazodai jambo. Kichwa kama "Nguvu ya maji" kinaweza kuficha aya isiyo na wazo lolote. Sentensi kama "Viwanda vya kwanza vya pamba viliendeshwa kwa maji, kwa hiyo mvuke hauwezi kuwa chanzo chake" haiwezi kuficha kitu. Ama ninao ushahidi wake, ama sina. Nilipomaliza nilizisoma sentensi hizo kwa mfululizo nikijiuliza ni neno gani linaziunganisha. Palipohitajika "kwa hiyo" au "hata hivyo", hoja ilikuwa ikisonga mbele. Palipofaa "pia" peke yake, nilijua kwamba nimerundika mambo bila kuyapanga, nikahamisha au nikafuta.

Mpango ulinifaa zaidi nilipofikia pingamizi kubwa. Injini ya mvuke ya Mwingereza Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji kutoka migodini tangu mwaka 1712, miaka mingi kabla ya Cromford, na mtu angeweza kudai kwa haki kabisa kwamba bila mvuke makaa ya mawe ya chini sana yasingefikiwa. Pingamizi hilo lilikuwa na ukweli, na heshima kwa msomaji ilinitaka nilikubali. Nilirudi kwenye hoja kuu nikaipunguza upana: mvuke haukuanzisha mfumo wa kiwanda katika pamba, ingawa ulikuwa umetangulia migodini. Injini ya Newcomen ilisukuma pampu juu na chini tu. Ilikuwa miaka ya 1780 ndipo injini za James Watt zilipoanza kuzungusha mitambo ya viwandani. Tofauti hiyo ya kusukuma na kuzungusha ikawa kiungo cha aya mbili ambazo hapo awali zilisimama mbalimbali. Kubadilisha hoja kuu kwenye mpango kulinigharimu mistari michache. Kuibadilisha baada ya kurasa kadhaa za Kiingereza kungenigharimu insha yote.

Mpango huo wote niliuandika kwa Kiswahili. Najua wapo wanaoshauri kwamba insha ya Kiingereza ipangwe kwa Kiingereza tangu mwanzo, lakini mimi nabishana na hoja zangu vizuri zaidi katika lugha ninayobishana nayo kila siku. Nilichojikataza ni kutafsiri. Wakati wa kuandika rasimu nilisoma sentensi moja ya mpango, nikaifunika karatasi, kisha nikaandika aya moja kwa moja kwa Kiingereza. Neno lilipokosekana niliweka alama ya nyota na kuendelea, kwa sababu kusimama kutafuta neno moja hukata mtiririko wa aya nzima.

Sikuanza na utangulizi. Nilianza na aya ya Cromford, yenye ushahidi mwingi kuliko zote: sentensi ya kwanza ikatoa dai, iliyofuata ikatoa kiwanda, mwaka na nguvu iliyotumika, kisha zikaja sentensi zinazoeleza kwa nini ushahidi huo unathibitisha dai. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba alama, na ndiyo inayoachwa mara nyingi, kwa kuwa mwandishi huona uhusiano ni dhahiri. Kwa msomaji si dhahiri mpaka uandikwe.

Rasimu niliiacha ilale kwanza. Niliporudi, niliandika pembeni mwa kila aya, bila kuutazama mpango, sentensi moja inayosema aya ile inadai nini, kisha nikalinganisha. Aya iliyohusu ushirikiano wa Watt na mwenye viwanda Matthew Boulton, ulioanza mwaka 1775, haikudai chochote, ilisimulia tu. Niliibana ikawa kishazi kimoja ndani ya aya nyingine. Baada ya hapo ndipo nilipoandika utangulizi, kwa kuwa sasa nilijua kwa hakika ninamtambulisha msomaji kwa kitu gani.

Lugha niliisahihisha mwisho, jambo moja kwa kila mzunguko wa kusoma. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa "the" na "a", ambazo Kiswahili hakina na ambazo jicho la mzungumzaji wa Kiswahili huzipita bila kuziona. Uliofuata ulikuwa wa nyakati za vitenzi, kwa sababu katika insha ya historia ni rahisi kuanza aya kwa wakati uliopita na kuimaliza kwa wakati uliopo. Kisha nikaisoma kwa sauti. Sentensi iliyonikata pumzi niliigawa, na zilizofuatana zikiwa fupi mno niliziunganisha.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mkono: kulinganisha kila mwaka, kila jina na kila namba ya ukurasa na safu ya kushoto ya daftari, na kuhakikisha kwamba kila chanzo kilichotajwa ndani ya insha kimo pia katika orodha ya marejeleo. Nilipofika mwisho wa orodha bila kukuta kinachopungua, niliikabidhi insha.