Herufi F kwenye betri ya pikapu

Saa kumi na moja alfajiri, Januari, Brooklyn Park, Minnesota. Nimevaa suruali mbili, soksi mbili, na koti nene kiasi kwamba kukunja kiwiko ni kazi. Nikaingia kwenye Tacoma yangu, nikazungusha ufunguo, pikapu ikajibu mara moja tu: tk. Nikazungusha tena. Kimya. Hata taa za dashibodi zilikataa. Simu ilikuwa inaonyesha nyuzijoto 24 chini ya sifuri.

Kwetu Morogoro gari likigoma namna hiyo hukai peke yako dakika mbili. Atatokea muuza karanga, atatokea wa bodaboda, watatokea vijana watatu ambao hujui walikuwa wamekaa wapi, na kila mmoja ana jibu lake. "Stata hiyo." "Wapi, mafuta yamekata." Mwisho watasukuma, gari litawaka kwa gia ya pili, utawapa hela ya soda. Hapa maegesho yote yalikuwa theluji na mimi. Na hata vijana wangekuwepo, otomatiki haisukumwi ikawaka.

Aliyetokea ni jirani yangu, mzee mmoja Mmarekani aliyestaafu, ambaye huamka mapema kusafisha theluji mlangoni kwake. Akaja na gari lake na nyaya za kubusti. Mimi tayari nimefungua boneti, nimeshika nyaya mkononi, nangoja aseme wapi nibane. Yeye akamulika betri kwa tochi, akainama, akapitisha kidole cha glavu kwenye ubavu wake. Ubavu ulikuwa umevimba kama debe la mafuta lililoachwa juani. Akanichukulia nyaya taratibu, akazikunja. Akasema hiyo imeganda, na betri iliyoganda haibustiwi, inaweza kukupasukia usoni na asidi yake.

Sikuwa najua hilo. Nimekulia gereji, nimekuwa spanaboi wa mjomba wangu tangu darasa la tano, lakini Msamvu, kwetu Morogoro, hakuna kitu kinachoganda nje ya friji. Maelezo yake ni haya: maji yaliyomo ndani ya betri ni mchanganyiko wa asidi, na betri ikiwa imejaa chaji, asidi ni nzito, haigandi mpaka baridi ipite nyuzi 60 chini ya sifuri. Betri ikiisha chaji, asidi inaingia kwenye sahani za risasi na kinachobaki ni karibu maji matupu, yanaganda hata kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri. Betri yangu ilikuwa na miaka mitano, na mimi nilikuwa nimeacha kamera ya kioo cha mbele imechomekwa siku mbili nikiwa mapumzikoni. Iliinyonya polepole mpaka ikakauka, baridi ikamalizia.

Mzee akanipeleka kazini kwa gari lake, njia nzima akinisimulia Januari 30, 2019, Minneapolis ilipofika nyuzi 33 chini ya sifuri na posta ikasitisha kusambaza barua. Aliisimulia kwa fahari, kama wazee wetu wanavyosimulia mwaka wa mvua kubwa.

Wakati wa mapumziko, saa tatu asubuhi yetu, nikampigia mjomba. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili jioni, nikamkuta anafunga gereji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Mbona sauti imepooza?"

"Baridi imeniulia betri."

"Baridi haiui betri. Joto ndilo linaua. Baridi inatangaza msiba tu."

Nilicheka, lakini ana haki. Kinachokula betri ni joto la boneti wakati wa kiangazi: maji yanakauka, sahani zinalika ndani kwa ndani. Ndiyo maana kwetu betri ikifika miaka mitatu unamshukuru Mungu. Sasa betri iliyolika hivyo, Septemba bado inawasha gari bila shida, kwa sababu injini ni nyepesi na umeme unatoka haraka. Januari oili imekuwa nzito kama asali, injini inadai nguvu nyingi zaidi, na palepale ile kemia ya ndani imepoa, betri inatoa chini ya nusu ya nguvu zake. Mwenye deni anakuja siku ambayo mfuko umetoboka.

Mjomba akauliza kama nimejaribu kuifungua niongeze maji. Nikamwambia betri za huku nyingi hazifunguliwi, zimezibwa juu. Akaguna. Kwake betri isiyofunguliwa ni kama sufuria lisilo na mfuniko wa kutoa, hujui ndani kuna nini. Amefufua betri nyingi sana kwa maji ya betri na chaji ya usiku kucha, mafundi wengine mjini wanabadilisha hadi seli. Lakini kwa hii iliyovimba alisema mwenyewe: zika.

Jioni nikapata lifti ya dukani kwa dada mmoja Mkenya wa zamu yetu. "Harakisha, mimi sizimi gari," akaniambia. Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, ingawa lawama ni yangu, si yake.

Ukisimama mbele ya rafu ya betri Marekani, usianze na bei wala rangi. Anza na namba ya umbo. Kila gari lina namba yake, inayoeleza urefu, upana, kimo na mahali vichwa, yaani chanya na hasi, vilipo. Tacoma za umri wa yangu, zenye injini ya V6 ya lita 4.0, nyingi zinachukua 24F. Wengine wanaweka 27F, ambayo ni ndefu zaidi kwa kama sentimita nne na nusu lakini kitako cha Tacoma kinaipokea, na inakaa na chaji zaidi. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye karatasi "24".

Halafu kuna CCA. Hii ndiyo namba ambayo kwetu sikuwahi kuitazama na huku ndiyo ya kwanza kuulizwa. Ni idadi ya ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 mfululizo, yenyewe ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, bila volti zake kushuka chini ya 7.2. Dar es Salaam namba hii ni pambo. Minnesota ndiyo tofauti ya kwenda kazini na kutokwenda. Nilichukua ya 700, juu kidogo ya inachohitaji gari. Ukizidisha haidhuru, injini inavuta inachotaka tu.

Cha tatu ni tarehe, na hapa wengi wanapigwa. Betri inazeeka hata ikiwa rafuni. Tafuta kibandiko kidogo au chapa iliyopigwa kwenye plastiki: betri nyingi zina herufi ya mwezi na tarakimu ya mwaka, A ni Januari, B Februari, na kuendelea. Mbele kulikuwa na betri yenye C4, nyuma yake H4. Ile ya mbele imekaa miezi kumi, ya nyuma mitano. Bei moja. Nikainama, nikavuta ya nyuma, kilo kama 18, mgongo ukalalamika.

Kulikuwa pia na zile za AGM, ambazo asidi yake imenyonywa kwenye vitambaa vya nyuzi za kioo, hazimwagiki na zinavumilia kuishiwa chaji. Gari lako likitoka kiwandani na AGM, rudishia AGM. Langu halikutoka nayo, na tofauti ya bei ilikuwa inalisha familia wiki nzima. Nikapita.

Nyumbani nikatoka na tochi ya kichwani. Spana namba 10, kwa Toyota ndiyo hiyo kwa vibano vya betri, na kama kawaida ya spana namba 10 nilitafuta robo saa kabla ya kuikuta mfukoni. Nikaanza na hasi. Hili mjomba alinifundisha kwa kofi: unafungua hasi kwanza na kufunga hasi mwisho. Ukianza na chanya, spana ikaponyoka na kugusa bodi, bodi yote ni hasi, utaona cheche ambayo hutaisahau. Ukishaondoa hasi, gusa unapotaka.

Glavu nene hazishiki nati. Nikavua ya kulia. Chuma kwenye baridi ile hakikuambii ni baridi, kinakuambia kinaunguza, na ngozi ya kidole inanata kidogo ukitaka kuitoa. Nati ya kishikizo cha betri ilinidondoka, nikaisikia ikigonga mara tatu ikishuka ndani ya injini, kisha kimya. Nikaipata kwenye bamba la chini, kwa sumaku.

Vibano vilikuwa na ule unga wa kijani na mweupe. Kwetu tunavimwagia maji ya moto ya birika. Hapa maji yangegeuka barafu kabla sijasugua, kwa hiyo nikachukua kijiko cha magadi jikoni, nikakoroga kwenye kikombe cha maji moto, nikachovya mswaki wa zamani na kusugua haraka. Povu likapanda, asidi inakufa, nikafuta na kitambaa kikavu papo hapo. Mke wangu alikuwa dirishani. Yale magadi yalitoka Tanzania kwenye begi, ya kulainishia makande. Tutaongea baadaye, alisema kwa macho.

Nikatua betri mpya kwenye kitako. Ikakaa sawasawa. Nikavuta waya mwekundu kwenda kwenye kichwa chanya, ukaishia hewani, umepungua kama upana wa kiganja. Nikaangalia vizuri. Chanya ilikuwa upande wa hasi, na hasi upande wa chanya.

Nikafikiri: nigeuze betri. Nikaigeuza. Sasa pande zimekaa, lakini vichwa vimehamia ukingo mwingine, waya unafika kwa kuvutwa kama upote, na kichwa chanya kimesogelea chuma cha bodi. Nikampigia mjomba kwa video, saa tatu usiku huku, kwao ni alfajiri ya saa kumi na mbili. Alikuwa na mswaki mdomoni. Akatazama, akatema.

"Toa hiyo."

"Inafika mjomba, nikiivuta kidogo..."

"Toa. Siku gari likiruka tuta, hicho kibano kinagusa bodi, pikapu inawaka moto na wewe ndani. Na usiku ukikosea ukabana kinyume, umechoma fyuzi kuu na dayodi za alternata. Soma tena kilichoandikwa."

Kibandiko kilisema 24. Kitupu. Betri ya zamani, nilipoifuta tope, ilisema 24F. F ile niliidhania mbwembwe za kiwanda. Kumbe ndiyo inayosema vichwa vimegeuzwa pande. Mjomba akanikumbusha kwa hasira ya upendo kwamba nimebeba betri mgongoni mwangu miaka sita, na betri nyingi za Kijapani zina herufi ya mwisho, kama 55D23L, na ile L au R ndiyo inayokuambia vichwa viko upande gani. "Nilikutuma dukani mara ngapi ukarudi na ya kulia badala ya kushoto?" Mara mbili. Anazikumbuka zote.

Jumamosi mzee jirani akanipeleka kubadilisha. Mhudumu hakuuliza mengi, akanipa 24F, CCA ileile, H4 vilevile. Kama pikapu ingekuwa inatembea nadhani angeniwekea mwenyewe bila malipo, maduka mengi ya vipuri huku yanafanya hivyo, na wanapima betri bure. Gari lililokufa nyumbani halina msaada huo.

Kufunga kulichukua dakika kumi. Kishikizo kwanza, kikaze lakini usikipasue. Betri inayocheza inakufa mapema kwa mtikisiko. Chanya, halafu hasi. Nikapima kwa mita: volti 12.7 gari likiwa limezimwa, yaani imejaa. Nikawasha. Ikakoroma mara mbili ikashika. Nikapima tena likiwa linanguruma, 14.2, alternata ni nzima, haitaniulia na hii. Saa ya redio ilikuwa imerudi saa saba kamili na stesheni zote zimefutika, na kioo cha dereva kimesahau kupanda chenyewe. Kamera nimeihamishia kwenye soketi inayozimika na ufunguo.

Jioni nikampigia mjomba kumpa taarifa.

"Na ile mfu umeitupa wapi?"

"Nimeirudisha dukani. Huku ukinunua mpya wanakukata dhamana, ukirudisha ya zamani wanakupa hela yako. Sheria ya jimbo, muuzaji lazima azipokee. Risasi inayeyushwa, inatengenezwa nyingine."

"Wamekupa ngapi?"

"Dola 22."

Akanyamaza, anapiga hesabu. Elfu hamsini na tano hivi.

"Kwa betri iliyopasuka mbavu?"

"Ndiyo mjomba."

"Basi hizo nitumie mimi. Ushauri wangu haukuwa wa bure."