Faili Haliingii Ndani ya Faili

"Mwanangu, faili gani hilo linaloingia ndani ya faili?"

Mama aliyeniuliza swali hilo alikuwa mstaafu wa masijala, karani wa serikali kwa miaka 31. Alikuja kwenye darasa langu hapa Morogoro kujifunza kompyuta, apate kutunza kumbukumbu za kikoba chao. Nilimpa shikamoo, nikamketisha mashine ya mbele, nikaanza somo kama kawaida: hii ya njano ni folda, ukiibofya mara mbili unakuta mafaili. Akaacha mausi, akaweka kidole kwenye kioo juu ya ile picha ya njano. "Hili ndilo faili," akasema. "Hizo za ndani ni karatasi."

Alikuwa sahihi. Ukienda masijala ukaomba faili, hupewi karatasi moja. Unaletewa jalada zima: lina namba ya kumbukumbu kwa nje, na ndani barua zimetobolewa zikafungwa kwa kamba, kila moja ikiwa na namba yake ya folio kwenye pembe ya juu. Ile karatasi moja ni folio tu. Kwa hiyo mimi, mbele ya mtu aliyeshika majalada miaka 31, nilikuwa nimeliita folio faili, na faili lenyewe nikalipa jina la folda.

Kosa hilo ni la zamani kuliko mimi. Neno faili liliingia kwenye kompyuta kabla kioo hakijawa na picha yoyote, enzi za kadi za karatasi zilizotobolewa matundu ili mashine izisome. Kila kadi ilibeba habari za kitu kimoja, tuseme mfanyakazi mmoja, na fungu lote la kadi za wafanyakazi ndilo lililokuwa faili. Mama yangu huyu angeielewa sitiari hiyo bila kufundishwa. Kisha likaja wazo la meza, yaani kuufanya uso wa kioo ufanane na meza ya ofisini na vitu vyake. Watafiti wa kampuni ya Xerox kule Palo Alto, California, Marekani, walilifanyia kazi miaka ya 1970, na mwaka 1981 kampuni ikaanza kuuza mashine iliyoitwa Star, zaidi ya dola 16,000 kwa moja. Kwenye kioo chake palikuwa na nyaraka, folda, kabati la mafaili, na vikapu vya barua zinazoingia na zinazotoka. Waraka uliitwa waraka. Star haikupata wanunuzi wengi, lakini meza yake ilihamia kwenye Lisa ya Apple mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, ambayo picha zake ndogo zilichorwa na Susan Kare. Tatizo ni kwamba chini ya meza hiyo kompyuta iliendelea kuita kila kilichohifadhiwa faili, kama enzi za kadi. Sitiari mbili za nyakati mbili zikagandishwa pamoja, nasi tukazitafsiri zote mbili bila kuuliza zinapatanaje.

Vijana wangu hawaoni shida yoyote. Kwao folda ni jina tu, kama jina la mtaa. Wengi hawajawahi kulishika jalada la kweli. Mwenye kuumia ni mjuzi. Hili limenikaa moyoni sana, kwa sababu kwa miaka kadhaa nimewaona watu wazima wa ofisini wakikwama hapo hapo, nami nikidhani ni umri. Haukuwa umri. Ilikuwa elimu yao wenyewe inagongana na picha yetu. Ukiazima kitu kutoka kazi ya mtu ili kumrahisishia, unaazima na sheria zake zote, maana yeye hawezi kuziacha mlangoni.

Tulipofika kwenye kapu la taka alikataa kabisa kulitumia. Karatasi ya ofisi haitupwi kapuni, akaniambia, ina utaratibu wake wa kuteketezwa na kuna watu wa kuidhinisha. Nikakumbuka kwamba kwenye Macintosh za zamani, ili disketi itoke, uliiburuta mpaka kwenye kapu hilo hilo la taka. Nani mwenye kuheshimu kazi yake angethubutu?

Mama huyo huyo hutuma na kupokea pesa kwa simu kila siku. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008, na kwenye simu yake ndogo ya vitufe haina picha hata moja. Kuna maneno: kutuma pesa, kutoa pesa. Anachokisoma ndicho anachokifanya pale kwa wakala, na hakuna aliyemfundisha siku tatu.

Kesho yake nilikwenda duka la vifaa vya ofisi nikanunua jalada, kamba zake na mashine ya kutobolea. Nikaviweka mezani kando ya kibodi, nikafuta ubaoni nilichoandika. Sasa darasani kwangu ile ya njano inaitwa jalada, na kilicho ndani kinaitwa waraka. Neno faili nalieleza siku ya mwisho, kwa sababu watalikuta kwingine na lazima walijue.

Akafungua majalada manne: michango, mikopo, faini, mfuko wa jamii. Kila moja akalipa namba kwa mtindo wa masijala, na nyaraka za ndani akazianza 01, 02, 03, zikajipanga zenyewe kwenye kioo. Alifurahi sana kuona hilo. Halafu akaniuliza, "Na daftari liko wapi?"

Daftari gani, mama?

"La kuandika nani kalichukua jalada, lini, na karudisha lini."

Nikatazama ile meza kwenye kioo, na vikapu vyake na majalada yake. Aliyeichora alikuwa ameikalia meza ya mkubwa, anayeletewa jalada. Sehemu ya karani hakuichora.

Tumeanza kulitengeneza wenyewe, yeye na mimi, kwenye jedwali lenye safu nne.