Umetuadimikia: jinsi dativi ilivyonifungukia

Jumapili usiku. Nimetoka zamu ya asubuhi tangu saa nane mchana, nimekula, nimelala kidogo, na sasa nimekaa jikoni na daftari langu la vitenzi vya Kijerumani. Nataka kuliandika hili kabla halijanipotea, maana wiki hii nimeelewa jambo lililonisumbua tangu nilipokuwa Dar es Salaam.

Kule, kabla ya kuja huku, mwalimu alitugawia karatasi moja yenye vitenzi zaidi ya 40. Helfen, danken, antworten, gehören, gefallen, folgen, glauben, verzeihen, schmecken, fehlen, na kuendelea mpaka chini kabisa ya ukurasa. Hivi vinataka dativi, akasema, na ujanja hakuna, ni kukariri. Nikakariri. Nilikuwa navisoma kwenye mwendokasi, Kimara mpaka Kivukoni, nimefumba macho.

Kwa asiyekijua Kijerumani: huko "mimi" hubadilika sura kulingana na ninavyohusika na tendo. Nikitenda mimi, ni ich. Tendo likiniangukia moja kwa moja, ni mich: er sieht mich, ananiona. Nikiwa ni yule anayepewa au anayefikiwa na jambo, ni mir: er gibt mir Brot, ananipa mkate. Hiyo mir ndiyo dativi. Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo ni kwamba "ananisaidia" nayo ni er hilft mir, wala si mich, na mzungumzaji wa Kiswahili hana sikio la kumwonya. Ananiona, ananipa, ananisaidia: sisi "ni" yetu ni moja tu, inabeba kila kitu, haituulizi swali lolote.

Sasa nipo Freiburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, mwaka wa kwanza wa mafunzo ya uuguzi. Ni mafunzo ya miaka 3, wiki kadhaa darasani na wiki kadhaa kazini. Kazini kwangu kwa sasa ni nyumba ya wazee. Kwenye zamu ya asubuhi huwa naanza na bibi mmoja ambaye miguu yake hujaa maji, hivyo kabla hajashuka kitandani lazima avalishwe zile soksi ndefu za kubana. Ukichelewa akasimama kwanza, miguu inavimba na soksi haipandi tena. Unaigeuza soksi ndani nje mpaka kwenye kisigino, unaingiza vidole, unaweka kisigino sawasawa, ndipo unaipandisha polepole ukilainisha kila kunjo kwa kiganja. Mtu unakuwa umepiga magoti mbele yake dakika kumi nzima, kwa hiyo mnazungumza.

Wiki yangu ya kwanza nilimwambia, "Ich helfe Sie." Akanishika bega, akasema taratibu, "Ihnen. Ich helfe Ihnen." Sie ni "wewe" wa heshima, na Ihnen ndiyo dativi yake: nakusaidia. Kesho yake nikakosea tena, akarudia vilevile, bila kukunja uso. Kila asubuhi, Ihnen. Karatasi ya Dar es Salaam nilikuwa naijua kwa moyo kutoka juu hadi chini, lakini mikono ikiwa na kazi, kichwa hakifungui karatasi.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi. Kwenye mtihani wa mazungumzo niliulizwa nilipokelewaje nilipofika Ujerumani. Nikajibu kwa furaha kabisa, "Ich wurde geholfen," nimesaidiwa. Alama zikapungua. Kiswahili kinamruhusu aliyesaidiwa ashike usukani wa sentensi: nimesaidiwa, tumejibiwa, wamesamehewa. Kijerumani kinamwacha palepale alipo. Mir wurde geholfen. Mtu ameshasaidiwa, sentensi nzima inamhusu yeye, na bado hapandi kuwa ich. Nilikaa na sentensi ile wiki nzima nikiona kama kuna dhuluma ndani yake.

Halafu ikaja wiki hii.

Nilikuwa darasani wiki tatu. Jumanne nikarudi kazini, nikagonga mlango, nikaingia na soksi mkononi. Bibi akaniangalia akasema, "Sie haben mir gefehlt."

Neno fehlen nilikuwa nalijua kutoka shuleni: ndilo mwalimu anaandika kwenye rejista mwanafunzi asipofika. Kukosekana. Kwa hiyo nilichosikia mimi ni kwamba hukuja, hukuwepo. Nikaanza kujitetea haraka haraka, kwamba nilikuwa darasani, ratiba ilipangwa na ofisi, sikutoroka kazi. Akatikisa kichwa. Hakunisahihisha safari hii. Alinishika mkono tu, kisha akanyoosha mguu wake wa kushoto.

Jioni ile nimefika nyumbani nikakuta ujumbe wa shangazi yangu wa Tanga. Shangazi hafupishi maneno kwenye simu, anaandika kama anayezungumza. "Mwanangu hujambo? Mbona kimya hivi, umetuadimikia."

Niliisoma mara mbili. Umetuadimikia. Kuadimika ni kuwa adimu, kutopatikana. Wewe ndiye uliyeadimika, sisi tumekaa tu huku, hatujafanya lolote, ila huko kuadimika kwako kumetufikia. Yote hayo yamebebwa na ile -i- ndogo karibu na mwisho wa kitenzi, ile ya kauli ya kutendea. Du fehlst uns. Ni sentensi ileile, kiungo kwa kiungo: du ni "u", uns ni "tu", fehlen ni kuadimika. Bibi hakuwa ananiuliza nilikuwa wapi. Alikuwa ananiambia nimemwadimikia.

Nililia kidogo, nikakaa na daftari.

Karatasi yangu ya zamani ilipangwa kwa alfabeti. Nikaanza kuiandika upya, si kwa alfabeti, bali kwa kuuliza kila kitenzi: shangazi angekisemaje? Es schmeckt mir: chakula kimeninogea. Schmecken haisemi kwamba mimi nimekionja. Chakula ndicho kimenoga, na kunoga kwake kumenifikia. Was ist dir passiert? Nini kimekutokea? Es ist mir entglitten: kimeniponyoka. Der Kopf tut mir weh: kichwa kinaniuma. Kichwa ndicho kinachouma, mimi ni ninayeumwa tu. Hata wagonjwa wetu ninaowaandikia ripoti kila siku, mir ist schlecht, mir ist schwindlig, ni kichefuchefu na kizunguzungu vimemjia mtu aliyelala. Hakuvifanya yeye. Angesema ich bin schlecht angekuwa anasema yeye ni mtu mbaya, na hapo ndipo nilipoona kwamba mir ina huruma ndani yake.

Na nguo! Bibi alikuwa fundi cherehani, ameshona miaka yote ya utu uzima wake, na kwa nguo ana vitenzi vitatu ambavyo mimi nilikuwa navivuruga. Passen ni gauni kukuenea, lisibane wala lisipwaye. Stehen ni kukukaa vizuri, rangi na mshono vikaendana na wewe. Gefallen ni kukupendeza machoni, hata kama huna mpango wa kulivaa. Gauni linaweza kumwenea mtu na lisimkae kabisa, mwanamke yeyote wa pwani anajua. Vyote vitatu ni mir, dir, ihr (dativi ya mimi, wewe, yeye wa kike), na vyote vitatu kwetu gauni ndilo linalotenda na mtu ndiye anayetendewa. Tofauti yetu ni moja tu: kwa Kijerumani nguo nzuri inakusimama, kwa Kiswahili inakukaa.

Kazini nikagundua dativi nyingine ambayo haikuwemo kabisa kwenye ile karatasi. Ich wasche Ihnen den Rücken. Ich messe Ihnen den Blutdruck. Wenzangu darasani wanaotoka nchi nyingine wanasema Ihren Rücken, Ihren Blutdruck, wanataka kusema mgongo wako, presha yako. Mimi sikuhitaji kufundishwa. Nikuoshe mgongo. Nikupime presha. Nikukate kucha. Sisi hatusemi "amekanyaga mguu wangu", tunasema amenikanyaga mguu, maana mguu si mali iliyoachwa pembeni, aliyekanyagwa ni mimi. Er ist mir auf den Fuß getreten. Mwalimu wetu wa huku aliniuliza nimejuaje, nikamwambia ndivyo tunavyosema nyumbani.

Sitaki nimdanganye mtu kwamba kila kitu kimefunguka. Danken, antworten, folgen, glauben, gratulieren: kushukuru, kujibu, kufuata, kuamini, kupongeza. Hakuna kutendea humo, hakuna -i- ya kunishika mkono, hivyo ni vya kukariri kama alivyosema mwalimu wetu wa Dar. Kusaidia chenyewe kinaishia kwa -ia lakini hakijatokana na kitenzi "kusaida". Ni neno la Kiarabu lililokuja na sura yake. Fragen inachukua mich na antworten inachukua mir, ilhali kwetu unaniuliza na unanijibu ni mlango mmoja. Tena ukibandika be- mbele, dativi inakimbia: ich antworte dir, nakujibu, lakini ich beantworte deine Frage, najibu swali lako. Raten na beraten (kushauri) hivyohivyo, drohen na bedrohen (kutishia) hivyohivyo. Hilo angalau lina utaratibu.

Na kuna mahali Kiswahili kinakuponza waziwazi. Kupiga simu. Sisi tunampigia mtu, kutendea safi kabisa, kwa hiyo nilikuwa nasema ich rufe dir an kwa uhakika wote. Sarufi ya kitabuni inataka dich, mwenzake mich. Ajabu ni kwamba bibi, mzaliwa wa kijiji cha huku Schwarzwald, akiagana na binti yake kwenye simu husema "ich ruf dir an", na huko Uswisi pia ndivyo wengi wanavyosema. Darasani nitaandika dich. Lakini kila nikimsikia bibi, moyo wangu unatulia, kama nimesikia mtu wa kwetu.

Leo asubuhi nilikuwa nimejiandaa. Tangu Jumatano nilikuwa kwenye ghorofa nyingine, kumshikia mwenzangu zamu, kwa hiyo sikuwa nimemwona tangu ile siku. Nimegonga, nimeingia, nimepiga magoti. Akasema tena, kwa sauti ya chini kwa sababu jirani yake alikuwa bado amelala, "Sie haben mir gefehlt."

"Sie mir auch," nikamjibu, nawe pia umeniadimikia. Sikutafuta kwenye karatasi yoyote.

Akanyoosha mguu wa kushoto. Nikaigeuza soksi mpaka kisiginoni.