Mbeya usiulize upepo, uliza jua

Nilipanda basi Dar na feni. Nacheka sa hivi ila ndo ilivyokuwa, feni ya kusimama nimeifunga kwenye kiroba na nikailipia mzigo elfu tano, konda akaniuliza dada unaenda wapi nikamwambia Mbeya, akaiangalia feni, akaniangalia mimi, akaandika tiketi yake. Tumetoka saa kumi na moja alfajiri, Kitonga nimelala, Makambako nikaamshwa na baridi, saa mbili usiku nashuka stendi ya Nane Nane na kimtandio changu meno yanagongana. Ilikuwa tarehe 26 mwezi wa sita 2024. Kazini, stoo moja ya mbolea kule Iyunga, naripoti Jumatatu tarehe moja, kwaiyo nina siku nne za kupata pa kuishi na gesti ya Mwanjelwa inanila elfu ishirini kila nikilala.

Kesho yake nikakutana na dalali wa kwanza. Akaniuliza nataka nyumba ya aina gani, nikamjibu kwa kujiamini kabisa, chumba na sebule, choo ndani, chini tailizi, madirisha makubwa ya aluminiamu, iwe inapitisha upepo. Kaka wa watu akasimama. "Upepo?" Nikamwambia ndio. "Sawa dada, upepo upo."

Na kweli ulikuwepo. Hela ya kuonyeshwa elfu kumi, bajaji juu yangu, nikapelekwa Uyole kwenye nyumba nzuri mpya kabisa, kodi laki na ishirini, Dar hela hiyo sijui ungepewa nini. Nikavua viatu niingie ndani kistaarabu, ile kukanyaga tailizi nikahisi nimekanyaga barafu, nikavivaa tena. Lakini sikuikataa kwa sababu ya baridi, bado nilikuwa mjinga. Nilichofanya, Ijumaa nikadamka nikaenda Uyole, saa moja asubuhi nikapanda haisi kuelekea Iyunga nipime safari ya kazini itakuwaje. Umbali wenyewe haufiki hata kilomita ishirini. Nimetumia saa moja na dakika arobaini. Wenyeji wanajua, hii ni barabara hiyo hiyo moja ya TANZAM, malori ya Zambia na Kongo humo, daladala humo, bajaji humo, na juu yake kipindi hicho walikuwa wanajenga njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kwaiyo mara mnasimamishwa, mara mnashushwa kwenye vumbi pembeni. Jamaa wa pembeni yangu alimaliza kula karanga zake zote, akalala, akaamka, bado tuko Mafiati. Uyole nikaifuta.

Dalali wa pili alinipeleka Itezi. Pale sikukaa hata dakika kumi, nyumba haina ubaya wowote ila nilipotoka nje nikauona mlima umetuinamia, nikakumbuka mwezi wa nne mwaka huo huo tope liliporomoka kutoka mlima Kawetere likafukia nyumba za watu. Dalali ananiambia hapa ni mbali na pale. Mi nikamwambia kaka naomba turudi.

Isyesye nayo kiangazi hiki barabara ni vumbi tu, ila jirani mmoja alinitonya kwamba mvua zikianza mwezi wa kumi na moja wenye magari wanayaacha kule juu wanashuka kwa miguu na mabuti. Mi sina gari, lakini mabuti pia sina.

Aliyenifungua macho ni mdada niliyemkuta anafua kwenye nyumba moja karibu na Kabwe. Chumba masta, elfu themanini, kimepakwa rangi kinanukia upya, na nilikuwa nimeshachoka nataka kutoa hela. Dalali kapokea simu kasogea pembeni. Yule mdada bila hata kuinua kichwa kwenye beseni akasema, "Dada, jua halifiki humo. Hiyo rangi ya tatu." Nikamwambia kivipi? Akaninyooshea ukuta wa nyuma ya mlango, nikagusa, unyevunyevu, na kwenye kona ukungu umeshaanza kutoka tena mweusi. Alafu akaniuliza swali ambalo Dar sijawahi kuulizwa maishani, "umeuliza hita kama inaruhusiwa?"

Kumbe hapa hilo ni swali la kwanza kabisa. Huku maji ya kuoga lazima uchemshe, na mwezi wa sita na wa saba usiku inashuka chini ya nyuzi kumi, kwaiyo kila mtu ana kihita cha kuchovya kwenye ndoo. Sasa kama luku ni moja mko wapangaji wanne, umeme wa bei ya chini unaishia uniti 75 kwa mwezi, mkizivuka bei inapanda, ugomvi unaanzia hapo, wenye nyumba wengine wanapiga marufuku kabisa. Pale hita hairuhusiwi. Na mkaa je? Akaniambia wapo wanaolala na jiko chumbani, wengine hawaamki.

Basi Jumamosi nikampigia dalali wa tatu nikamwambia sitaki upepo, sitaki tailizi, nataka jua la asubuhi, submita yangu, yaani mita ndogo ya umeme ya peke yangu, na hita iruhusiwe, na iwe upande wa Iyunga huku huku. Akaniuliza, "We si mgeni?" Nimefurahi hiyo kauli we acha tu.

Tukaenda Nzovwe. Bibi mwenye nyumba kakaa kwenye kigoda uani, kajifunga vitenge viwili na sweta la mwanaume. Shikamoo, marahaba, unatoka wapi mwanangu, Dar, ohoo. Chini sakafu ya saruji, nyekundu, imepigwa rangi ya kung'aa, dirisha la mbao moja linatazama mashariki na lingine linatazama mlima Loleza. Hilo la Loleza ndo nilikuwa nalidharau, bibi akanambia hilo ndo la maana, kipupwe jua linahamia upande wa kule kaskazini, linakaa dirishani mpaka mchana. Sikuwahi kuwaza jua linahama. Laki moja, anataka miezi sita, nikamlilia hali tukaelewana mitatu, na dalali kachukua ya mwezi mmoja yake, hiyo haina mjadala hata ukilia. Jumapili nikapelekwa kwa mjumbe nikaandikwa, jioni nikarudi Mwanjelwa kununua godoro na blanketi, lile zito, muuzaji akaniambia chukua mawili nikaona ananipiga. Usiku nikajua hakuwa ananipiga.

Jumatatu nimefika stoo kwa dakika kumi na tano.

Ile feni ilikaa kwenye kiroba wiki mbili kwa aibu. Siku moja bibi kaiona mlango uko wazi, akaniuliza hiyo kitu yako inawaka? Nikamwambia inawaka bibi. "Basi lete, huu mkaa unanisumbua." Tukavuta waya mpaka uani, tukaiwasha namba moja, jiko likashika hapo hapo. "Ndaga," akasema, yaani asante, akainjika maharage. Mpaka leo iko kwake.