Kidevu changu leo

Nimetoka kliniki sasa hivi, kuondoa ndevu kwa leza. Kidevu bado kina baridi ya barafu.

Miaka 11 nimeng'oa ndevu kwa kibano kila asubuhi, mlango nimefunga. Vipele, madoa meusi, nywele zinazoota kwa ndani. Hata dada yangu hajui.

Leza inafuata weusi wa unywele, mwanga unageuka joto na kuunguza shina. Ila ngozi yetu nayo ina weusi huohuo na inaweza kuungua, kwa hiyo wapendwa, ulizeni aina ya mashine kabla ya kulipa! Inayotufaa zaidi ni leza iitwayo Nd:YAG, ambayo urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita 1064.

Kila mpigo ni kama mpira wa kufungia noti ukikuchapa. Na ile harufu ya nywele kuungua.

Machozi yalinitoka chini ya miwani. Si maumivu. Yule dada wa kliniki alinishika kidevu, mtu wa kwanza kukigusa, na hakushtuka.

Narudi baada ya wiki 4 hadi 6, tena na tena, maana leza inazipata zile nywele zinazokua wakati huo tu. Kibano marufuku, wembe ruksa.

Nani ameshamaliza awamu zote? Niambieni, nasoma kila jibu.