Vigae vitatu kwa chumba kizima

Swali lilikuwa jepesi. Sakafu ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, vigae ni vya mraba, kila upande sentimita 20. Vinahitajika vingapi? Nikapiga hesabu, nikaandika jibu na kulipigia mistari miwili chini kwa kujiamini: vigae 3. Chumba kizima, vigae vitatu! Wala sikushtuka, nikaendelea na swali linalofuata.

Nilikuwa na miaka 31, najiandaa kurudia mtihani wa hisabati ulionishinda shuleni. Majuma ya mwanzo nilisoma kama zamani: nakariri kanuni, nafanya maswali ishirini, nachungulia majibu nyuma ya kitabu, naweka vema au kosa. Nikikosa, nanakili njia ya kitabu na kusonga mbele. Kesho yake nakosea palepale.

Vigae ndivyo vilivyonisimamisha, siku nilipopitia daftari upya. Jibu sahihi lilikuwa 300. Langu lilipungua mara 100 kamili, si mara 90 wala 113. Sasa hiyo mia imetoka wapi? Eneo nililipata vizuri, mita za mraba 12. Kisha nikazigeuza kuwa sentimita za mraba 1,200, kwa kuwa mita moja ni sentimita 100. Nikachora mraba wa mita moja, nikagawa upande mmoja vipande 100, nikahamia upande wa pili, na hapo mkono ukasita. Kumbe pande zote mbili zinagawanywa! Safu 100, kila safu vimraba 100, jumla 10,000. Kwa hiyo sakafu ni sentimita za mraba 120,000, kigae kimoja kinachukua 400, basi ni 300. Hata bila hayo yote, upande wa mita 4 unapanga vigae 20 na ule wa mita 3 unapanga 15.

Tangu siku hiyo niliacha kufuta makosa. Nilitenga daftari lao, na kila jibu baya nililiuliza swali moja tu: umepishana na ukweli kwa kiasi gani?

Kwenye aljebra mtindo huu ulinilipa zaidi. Mstatili una mzingo wa sentimita 36, na urefu wake ni mara mbili ya upana ukiongeza 3. Nikauita upana w, nikaandika 2(3w + 3) = 36, nikafungua mabano: 6w + 3 = 36. Upana 5.5, urefu 14. Badala ya kukimbilia nyuma ya kitabu, nikarudisha majibu yangu kwenye swali: 5.5 na 14 ni 19.5, mara mbili ni 39. Zimezidi 3. Na ndani ya mabano palikuwa na 3 ambayo sikuizidisha kwa 2! Kosa lilikuwa limeacha jina lake mlangoni. Nikarekebisha, 6w + 6 = 36, upana 5, urefu 13.

Kosa jingine sugu nililaumu maneno niliyokaririshwa, kwamba namba "ikivuka inabadili alama". Kwa x + 3 = 12 yanafanya kazi. Lakini nilipokutana na 3x = 12 niliivusha 3 ikawa kutoa, nikapata 9. Mara tatu ya 9 ni 27, mbali kabisa na 12. Kusema kweli hakuna namba inayovuka popote. Unachofanya upande mmoja, unakifanya na upande wa pili: hapa unagawanya kwa 3, x ni 4.

Jiometri haikunisumbua sana, ila nilikuwa nachukua upande wa mshazari wa pembetatu na kuufanya kimo. Pembetatu yenye pande 13, 13 na kitako 10 niliipa eneo la 65. Kimo cha kweli kinasimama wima katikati ya kitako, na kwa kanuni ya Pythagoras ni kipeuo cha pili cha 144 (169 kutoa 25), yaani 12. Eneo ni 60.

Mwendokasi bado naugeuza kwa njia ndefu, maana sikumbuki kamwe kama ni kuzidisha au kugawanya kwa 3.6. Kilomita 72 kwa saa ni mita 72,000 kwa sekunde 3,600, basi mita 20 kwa sekunde. Mistari miwili ya wino hainipunguzii kitu.

Siku ya mtihani likaja tangi: sentimita 80 kwa 60 kwa 100. Ujazo sentimita za ujazo 480,000, nikagawanya kwa 100, nikaandika lita 4,800. Kalamu ilishaanza kupiga mstari. Tangi lenye kimo cha mita moja, na upana ambao mikono yangu inaukumbatia, lita 4,800? Nikakata. Lita moja ni sentimita za ujazo 1,000. Nikaandika 480, nikaipigia mstari mmoja.