Kabla hujalipia chumba Mtwara, uliza habari za geti

Ndugu na marafiki wanaoshuka Mtwara kula raha za wikiendi hunipigia simu na swali lilelile: hoteli gani nzuri? Mimi huwauliza kwanza, unategemea kurudi kulala saa ngapi? Wengine hudhani nawachunguza. Lakini nilikaa mapokezi ya lodji hapa mjini, zamu ya usiku, kwa miaka kadhaa kabla sijafungua kibanda changu cha uwakala wa pesa, na nimewaona wageni wa kila aina. Mgeni wa semina anakitaka chumba chake jioni. Mgeni wa muziki anakitaka saa nane usiku, miguu imechoka, simu inakaribia kuzima, mfukoni imebaki nauli ya bajaji peke yake. Hoteli yako ni ile itakayokupokea saa hiyo, na picha za mashuka meupe hazikwambii lolote juu ya saa hiyo.

Kuna jambo la mji wetu ambalo mtu wa Dar halioni mpaka awe barabarani usiku. Mtwara hii ya leo ilichorwa miaka ya 1940, wakati wa mpango wa karanga wa serikali ya Mwingereza. Karanga zilitegemewa kutoka huko Nachingwea, zije kwa reli, zipakiwe bandarini kwetu penye kina kirefu, na mji mkubwa uote pembeni yake. Mpango ukavunjika mwaka 1951. Watu waliotarajiwa hawakuja, ila barabara pana na viwanja vikubwa vilishapimwa. Ndiyo sababu Shangani iko kule baharini, soko liko kwingine, stendi ya Mkanaledi kwingine kabisa, na katikati unapita vipande virefu vya majani na miembe visivyo na taa. Mchana unasifu upepo na nafasi. Usiku, umbali huohuo ndio unaoamua kama starehe yako itaisha vizuri.

Kwa hiyo anza na muziki, kisha tafuta kitanda. Ukishajua jioni yako itakuwa upande gani, chukua chumba upande huohuo. Anayependa kukaa karibu na bahari, samaki wa kuchoma na mazungumzo ya taratibu, Shangani inamfaa. Anayetaka kelele za mjini, singeli na baa zenye watu wa kila namna, alale katikati ya mji, huku kwetu Majengo au Magomeni, ambako bajaji haipotei. Na mwenye basi la alfajiri siku ya kuondoka, ule usiku wa mwisho alale karibu na Mkanaledi, hata kama chumba ni cha kawaida. Mabasi ya Dar huondoka mapema na safari ni ya kutwa, zaidi ya kilomita 550. Nimewagongea milango watu wengi saa kumi na moja alfajiri, nao hawakuwa na nguvu hata ya kuitika.

Sasa geti. Lodji nyingi hapa hufunga geti kuanzia saa sita hivi, na hilo ni jema, linakulinda wewe na mzigo wako. Shida ni kulifungua. Uliza hivi kabla hujatoa hela: "Dada, geti linafungwa saa ngapi, na nikirudi saa tisa nani ananifungulia?" Jibu zuri lina mtu ndani yake: "Mlinzi fulani yupo mpaka asubuhi, na mimi au mwenzangu tupo kaunta." Ukijibiwa "wewe njoo tu, hakuna shida," uliza tena, maana hapo hujaambiwa kitu.

Na kuna njia ninayoiamini kuliko majibu yote. Usiku mmoja kabla ya safari, piga ile namba ya mapokezi saa ile utakayokuwa unarudi. Ikipokelewa na mtu aliye macho, akakusalimia na kukuelewa, lipia. Ikiita mpaka ikakatika, umeshajua utakavyosimama nje. Sisi wa zamu ya usiku hatukuwahi kukasirikia simu za namna hiyo. Tuliheshimu sana mgeni anayejipanga.

Nyingine za kuuliza ni ndogo, ila zinauma zikikosekana. Chumba kiko upande gani na spika za baa ziko upande gani? Lodji yenye baa chini huwa na vyumba vya nyuma vilivyo kimya zaidi, na anayevipata ni anayeviomba. Umeme ukikatika jenereta linawasha vyumba au linawasha kaunta na friji za bia tu? Neti ipo, na haina matundu? Kwetu malaria haijaisha, na mtu aliyelala fofofo kwa uchovu hasikii mbu. Maji je, yanatoka bombani au ni ndoo? Ndoo si aibu, bora ijazwe kabla hujatoka. Chumba cha heshima chenye choo ndani, feni na neti mara nyingi hupatikana kwa shilingi 25,000 hadi 40,000. Ukitaka kiyoyozi na kifungua kinywa cha maana, panda juu ya hapo.

Kuhusu muda wa kutoka: sehemu nyingi ni saa nne asubuhi, na wewe saa nne bado umelala. Usisubiri asubuhi ndipo uanze kubembeleza. Sema jioni ile unapokabidhiwa ufunguo, kwamba ungependa kukaa mpaka saa sita. Dada wa usafi hupanga vyumba vyake mapema, akijua chako atakianza mwisho, mara nyingi unakubaliwa bila kuongezewa hata senti.

Nije kwenye kitabu cha wageni, maana hapa ndipo watu hukosana na mapokezi. Utaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakotoka na unakokwenda, kisha utasaini. Wapo wanaoandika jina la uongo wakidhani wanajificha. Siku moja kijana mmoja alitoka na marafiki, asubuhi chumba chake kikawa kimefungwa na begi limo ndani. Tukafungua kitabu, tukampigia kaka yake ambaye alikuwa ameandikwa kama mtu wa karibu, naye akaanza kuulizia. Kijana alikuwa Hospitali ya Ligula, mguu umevunjika, bodaboda iliwaangusha. Kama angeandika uongo, angelala pale bila ndugu kujua. Andika jina lako kamili, na uombe wakuandikie namba ya mtu wa nyumbani hata kama hakuna sehemu yake kwenye kitabu.

Na mtu wa pili? Wageni wa kiume hupenda kuniuliza kwa kunong'ona kama hoteli fulani "haina usumbufu". Nalisema hili wazi kwa sababu linanikaa moyoni: hoteli rafiki si ile isiyouliza. Anayeingia kulala chumbani kwako, yeye pia ni mgeni, aandikwe kitabuni kama wewe, aonyeshe kitambulisho, na kama bei ya watu wawili ni tofauti, lipa tofauti hiyo. Inamlinda yeye, inakulinda na wewe usiamke huna simu na hujui umlilie nani. Na akiletwa binti ambaye sura yake tu inaonyesha ni mtoto, mlango haufunguliwi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka kumi na minane ni mtoto. Nilishawahi kutukanwa kaunta kwa kukataa, na ningekataa tena leo. Lodji ambayo mhudumu wake hulegea hapo, hata wewe mwenye nia safi usilale, kwa kuwa mhudumu huyo hatakulinda na lolote.

Dada zangu mnaosafiri peke yenu, jaribuni jambo hili. Mkishaingia, mwombe rafiki apige simu mapokezi aulizie mko chumba namba ngapi. Mapokezi yanayojua kazi yatasema, "Acha ujumbe, tutampa." Yakitaja namba ya chumba, omba uhamishwe au uondoke.

Bajaji ni nusu ya starehe yako. Mchana unasimamisha yoyote. Usiku, chukua namba ya dereva ambaye mapokezi wanamfahamu, mkubaliane bei ya kwenda na kurudi kabla hajawasha, na umwambie saa ya kukufuata. Madereva wetu ni watu wa kuaminika ukiwapa heshima: "Kaka, saa nane nitakuwa hapa getini, ukichelewa nipigie." Atakuja. Bodaboda saa hiyo siishauri kabisa, hasa kama na wewe na dereva hamjui kila mmoja kanywa nini.

Pesa ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nisikilizeni. Vibanda vya wakala vingi hufungwa usiku ukianza kukomaa, na wachache wanaobaki huishiwa hela taslimu siku za Ijumaa na Jumamosi. Toa pesa yako jioni mapema, igawe mara mbili, ya usiku huu mfukoni, ya kesho iache mapokezi kwenye bahasha uliyoifunga mwenyewe, iandikwe kwenye kitabu kiasi gani na usaini. Usimpe mtu simu yako akusaidie "kulipa bili". Namba ya siri ibonyeze mwenyewe, hata kama macho yanakuwia mazito.

Ukikaa baa, bia ifunguliwe mbele yako, na chupa tupu zibaki mezani mpaka mmalize hesabu. Wahudumu wengi hapa huziacha wenyewe, ni utaratibu unaozuia ugomvi. Msimu wa mabibo utakaribishwa uraka, maji ya mabibo yaliyochachuka. Ni mtamu, unashuka kama juisi, kisha unakushtukia wakati wa kusimama. Onja kidogo ukiwa na mwenyeji. Gongo usiguse. Ni kosa kisheria, na pombe isiyojulikana imepikwaje inaweza kukupofusha au kukuua.

Njaa ya usiku haina tabu. Kuna chipsi na mishkaki pembeni ya barabara, kuna pweza wa kuchoma, na asubuhi supu ya pweza yenye ndimu humrudisha mtu duniani. Nikipata mgeni wa kumtembeza, namtafutia pia ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo sisi wa kusini tumekua nayo. Huwa hawaamini kwamba imechimbwa tu msituni.

Kama unakuja kati ya Oktoba na Desemba, funga chumba mapema. Huo ni msimu wa korosho. Wanunuzi, madereva wa malori na watu wa maghala hujaa mjini, wakulima wanalipwa baada ya minada, wasanii wanashuka kutoka Dar na Uwanja wa Nangwanda Sijaona hupigwa muziki mpaka ardhi inatetemeka. Ndio wakati wenye raha kuliko wote, na ndio wakati ambao chumba ulichoahidiwa kwa mdomo hupewa mwingine aliyefika na hela mkononi. Tuma malipo ya awali, na muamala uonyeshe jina la lodji au la mtu wa mapokezi uliyezungumza naye.

Wengine huniuliza kuhusu Mikindani. Ni kilomita kumi tu kutoka hapa, mji mkongwe, na Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 sasa ni hoteli. Napapenda kwa wapenzi wawili au kwa mtu anayetaka kupumzika siku inayofuata. Kwa anayetaka kucheza muziki mjini kila usiku, hesabu nauli ya kurudi gizani, daladala hazitakungoja. Lindi, kwa gari kama saa moja na nusu hadi mbili, ni mji uliojibana vizuri kando ya ghuba. Unaweza kutoka chumbani ukafika baharini kwa miguu, ukala samaki, ukasikiliza upepo. Ila hulala mapema kuliko sisi. Mpangie Lindi siku ya Jumapili, mwili ukiwa umedai haki yake.

Na ukija mwezi wa Ramadhani, ujue pwani hii ni ya Waislamu wengi na usiku wake hubadilika. Muziki hupungua, baadhi ya baa hufunga au hufunguliwa kwa staha, lakini baada ya tarawehe watu hutoka, vibanda vya vyakula vinachangamka, kahawa na kashata zinazunguka mpaka karibu na daku. Mchana usile barabarani. Uliza hoteli kama jiko lao linapika usiku, na kama wewe hufungi, kifungua kinywa chako watakuandalia chumbani au ndani ya ukumbi.